Herufi Nene ya Mviringo Ilizaliwa kwenye Brashi

Haya ni maneno niliyoyasema hapa Kisumu mbele ya mafundi wa mabango, wachapaji, wenye maduka na wanafunzi wa uchoraji. Nayaweka yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha tulizoonyesha ukutani hazimo.

Wazee wangu mafundi, akina mama wenye biashara, walimu, na nyinyi vijana mnaoshinda mbele ya kompyuta: oyawore. Mulembe. Chamgei. Hamjambo nyote?

Nimeombwa nizungumze juu ya herufi, na herufi ziko za kila aina. Mimi nimechagua moja. Ile nene, ya mviringo, isiyo na kona kali popote, ile ambayo ukiitazama unajua kuna mkono wa mtu ndani yake. Mnaijua. Asubuhi hii mmepita mbele yake mkija hapa. Iko kwenye kibanda cha kinyozi Kondele. Iko ubavuni mwa mashua kule Dunga. Iko kwenye kioo cha matatu ya Bondo, na iko juu ya mlango wa hoteli ya chapati na maharagwe Kibuye. Iko pia ndani ya kompyuta zenu, lakini hiyo ya kompyuta imetoka mbali, imechorwa na watu ambao hawajawahi kuandika neno maandazi.

Jambo langu leo ni moja. Herufi hii ilizaliwa kwenye brashi, na brashi tunayo. Basi fonti yake, yaani faili ya herufi za kompyuta, tuitengeneze sisi, na wenye brashi wawe ndani ya kazi na ndani ya malipo.

Nianze mbali kidogo, Chicago, Marekani. Mwaka 1879 alizaliwa Ohio mtoto aliyeitwa Oswald Cooper, akakulia Kansas, na alipokuwa kijana akaenda Chicago kujifunza kuchora. Mmoja wa walimu wake alikuwa Frederic Goudy, ambaye baadaye naye alikuja kuwa mchora herufi mashuhuri. Mwaka 1904 Cooper na mwenzake Fred Bertsch wakafungua kampuni yao, na kazi kubwa ya Cooper pale ikawa kuandika kwa mkono maneno ya matangazo. Sikilizeni vizuri: kuandika kwa mkono maneno ya matangazo. Mteja anakuja na bidhaa yake, Cooper anachukua kalamu na brashi, anaandika jina la bidhaa hiyo mpaka lipendeze.

Kiwanda cha kutengeneza herufi za kuchapia, Barnhart Brothers & Spindler, kilipoona mwandiko wake kikamwomba aufanye kuwa herufi za chuma. Mwaka 1922 ikatoka ile nene kuliko zote, Cooper Black. Wachapaji wa heshima zao waliiona nzito mno. Lakini wenye maduka waliipenda, na ikauzwa hadi washindani wakakimbilia kuchora za kwao. Hata Goudy, mwalimu wake, alichora yake nene mwaka 1925.

Itazameni kwa makini siku mkipata nafasi. Miguu ya Cooper Black haikukatwa bapa, imejaa chini na kuinama kidogo, hakuna kinachokaa wima kabisa juu ya mstari. Tundu la O limelala upande, kwa sababu mkono wa mtu unapozunguka haukai katikati. Miaka ya 1960 zikaja karatasi za kusugua, zile za Letraset, ambapo mtu asiye na mashine yoyote aliweza kusugua herufi moja moja juu ya karatasi yake, na herufi ya Cooper ikapata maisha ya pili. Leo ipo kwenye ubavu wa ndege za rangi ya machungwa za easyJet ya Uingereza.

Sasa niwaulize: Cooper alikuwa nani? Alikuwa mhandisi? Alikuwa profesa? Alikuwa mtu wa kuandika matangazo. Kazi yake ndiyo kazi ya huyu Jaduong', mzee wetu, aliyeketi pale nyuma na kofia yake magotini. Tofauti ni kwamba kiwanda kilimwendea Cooper kikamwomba, kikaweka jina lake juu ya kazi yake. Huyu wetu nani amemwendea?

Mimi nilimwendea. Amenikubalia nisimulie, kwa hiyo nitachukua muda hapa.

Kazi ilikuwa kibanda cha mabati, na neno lilikuwa KINYOZI. Jaduong' alichukua uzi, akaupaka unga wa chaki, yeye akashika ncha moja na mwanafunzi wake nyingine. Wakaukaza, akauvuta kwa vidole viwili, akauachia: pa! Mstari ukabaki kwenye bati. Akapiga mwingine juu yake. Halafu hakuanza na K. Alitafuta katikati. Katikati ya KINYOZI kwa hesabu ni Y, maana kuna herufi tatu huku na tatu kule. Lakini Y yake aliisogeza kushoto kidogo. Kwa nini? Akaniambia, "I hula nafasi kidogo, O hula nyingi." Upande wa kulia kuna O, kwa hiyo upande huo unahitaji uwanja zaidi. Mnaona? Katika maduka ya uchapaji hesabu hiyo hufanywa na kompyuta. Yeye aliifanya kwa jicho, juu ya ngazi, jua la saa saba likimpiga mgongoni.

Akafika kwenye O. O yake ikavuka mstari wa chaki juu, ikavuka na chini. Mwanafunzi akamwambia, "Jaduong', umepita mstari." Mzee hakugeuka. Akasema, "Vuka barabara, utazame kutoka kule." Kijana akavuka, akatazama, akarudi kimya. Kutoka ng'ambo ya barabara O ilikuwa sawasawa na wenzake.

Sababu yake ni hii. N inaugusa mstari kwa miguu miwili mizima. O inaugusa kwa nukta moja tu, pale mviringo unapofika chini kabisa. Jicho linaona nukta hiyo ni ndogo, linaamua kwamba O ni fupi. Ili ionekane sawa lazima izidi. Ukifungua faili ya fonti yoyote iliyochorwa vizuri, utakuta O imezidi mstari, mara nyingi kwa asilimia 1 hadi 3 ya kimo cha herufi. Wachora fonti wa Ulaya wameandika kurasa nyingi juu ya jambo hili. Jaduong' hakuzisoma. Alivuka barabara akaangalia, miaka mingi iliyopita, na akaendelea kuangalia.

Akafika kwenye Z. Mikono ya kulala ya Z aliifanya myembamba kidogo kuliko mguu wa K. Ukizifanya sawa kwa rula, ile inayolala itaonekana nene zaidi. Hilo nalo wachora fonti wanalijua. Hilo nalo alilijua.

Na mviringo je? Kwa nini ncha zake zote ni za mviringo? Niliuliza hivyo, na jibu lake linastahili kufundishwa darasani. Brashi iliyojaa rangi ukiitua kwenye bati, nywele zinatanuka, mwanzo unakuwa wa mviringo. Ukivuta hadi mwisho na kuinua, mwisho unakuwa wa mviringo. Mvuto mmoja, mkono wa herufi umekwisha. Ukitaka kona kali lazima urudi na ncha ya brashi, mara mbili kwa kila mkono. Hiyo ni saa moja zaidi kwa neno, na mwenye kinyozi halipi saa hiyo. Halafu kuna bati lenyewe, lina migongo na mabonde. Kona kali ikiangukia bondeni huonekana imevunjika, lakini ncha ya mviringo inapita bila mtu kujua. Na unene? Jua na vumbi la barabarani hula rangi mwaka baada ya mwaka. Mkono mwembamba unapotea mapema, mkono mnene unabaki unasomeka.

Kwa hiyo mviringo umetoka kwenye brashi, kwenye ukuta na kwenye bei. Hakuna aliyeuweka pale kwa ajili ya kufurahisha watoto. Mtu akikuambia herufi hii ni ya kitoto, haina uzito, mpeleke Kondele.

Tuko pamoja? Sasa nyinyi vijana wa kompyuta, hapa ni penu.

Wengi wenu mkitaka herufi ya mviringo mnachukua fonti ya kawaida, mnainenepesha, kisha mnaipa programu amri ya kulainisha kona. Sekunde tatu. Matokeo yake kona zote zinakuwa na mviringo uleule, nje na ndani, juu na chini, kama kipande cha sabuni kilichotumika. Mkono haufanyi hivyo. Brashi inapogeuka, kona ya nje inakuwa pana na ya ndani inabaki finyu. Mwanzo wa mvuto una rangi nyingi kuliko mwisho. Tofauti hizo ndogo ndizo zinazomfanya mpita njia ahisi kuna mtu aliyeandika.

Mistari mnayovuta kwenye kompyuta inaitwa kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault kule Ufaransa, aliyeitumia miaka ya 1960 kuchora mabodi ya magari. Ni chombo kizuri. Lakini tumieni nukta chache: moja pale mviringo unapofika juu kabisa, moja chini kabisa, moja kila ubavu. Nukta zikiwa nyingi mviringo unatetemeka, na mtetemo huo hautoki kwa mkono wa fundi. Mkono wa fundi hautetemeki.

Nije sasa kwenye jambo linaloniuma kuliko yote.

Kuna mama mmoja anauza samaki, na jina la hoteli yake lina neno Nyang'oma, maana kwao ni upande wa Kogelo. Alikwenda kwenye duka la uchapaji kutengenezewa bango jipya, akachagua mwenyewe fonti nene ya mviringo. Bango likatoka bila kile kialama cha juu: NYANGOMA. Akakataa kulichukua. Kijana wa duka akamweleza, na alikuwa mkweli, kwamba alama hiyo katika fonti ile ilikuwa nene mno, ilikaa na nafasi kubwa kila upande, na neno likawa linasomeka mawili: NYANG, halafu OMA. Akaona heri aiondoe. Mama akasema, "Basi ondoa na samaki." Wakaanza upya kwa fonti nyingine, nyembamba, ambayo hakuipenda.

Nani mwenye kosa? Si mama. Si kijana. Fonti ile ilichorwa na kujaribiwa kwa Kiingereza, ambako alama hiyo hukaa mwisho mwisho wa neno, kabla ya s au t. Kwetu inakaa baada ya g, mara nyingi katikati ya neno na kabla ya irabu. Ng'ombe. Ng'ambo. Lwang'ni, ule ufuo wa hapa Kisumu. Jaduong'. Kwetu ni sehemu ya herufi. Hata Unicode, mpangilio wa kimataifa wa herufi za kompyuta, una alama maalumu ya namna hii inayohesabiwa kuwa herufi, U+02BC. Tazameni jinsi mafundi wanavyoiandika: tone dogo, limeinuliwa, limeingizwa kwenye bega la G, na O imesogea karibu. Wanaliweka mahali pake kwa sababu wao wanasoma neno.

Na si hiyo peke yake. Herufi a ndiyo inayorudi kuliko zote katika Kiswahili. Andika SAMAKI WA KUKAANGA. Andika MAANDAZI. A mbili kubwa zikikaa pamoja kila moja ina mabega yaliyoteremka, kwa hiyo juu kati yao pana shimo jeupe, na katika herufi nene shimo hilo linapiga kelele. Kiingereza karibu hakina AA, kwa hiyo wachora fonti wengi hawakuipima. Fundi huzibananisha mpaka miguu inagusana. Hilo fonti yetu lazima ilijue.

Herufi ndogo vilevile. Ile a ya vyumba viwili, yenye kikofia juu, katika unene huu inaziba. Ukisimama mbali inakuwa doa. Mimi nachagua a ya chumba kimoja, yenye mguu wa kulia ulioshuka vizuri hadi chini ili isichanganywe na o. Wengine mtapinga, na meza ziko hapo, tutabishana kwa brashi.

Tena fikirini saa, kuu, choo, mmoja, nne. Lugha yetu inapenda kuweka herufi mbili zinazofanana pamoja. Mkono hauandiki a mbili zinazolingana kabisa; ya pili daima ina kitu chake. Fonti ikiweka a ileile mara mbili, mkono unatoweka papo hapo. Tangu mfumo wa OpenType ulipotangazwa na Microsoft na Adobe mwaka 1996, faili moja ya fonti inaweza kubeba a tatu tofauti na kuzibadilisha yenyewe zinapofuatana. Tunachohitaji ni a tatu zilizoandikwa kweli na fundi.

Wenzetu mliotoka Nakuru, msidhani nimewasahau. Neno Gĩkũyũ lina herufi sita, na tatu kati yake zina kialama juu. Fonti nyingi za mabango hazina ĩ wala ũ. Zikikosekana, kompyuta huazima kutoka fonti nyingine, na katikati ya neno nene linalopendeza kinatokea kijiherufi chembamba cha ugenini. Jina la mtu linatoka na viraka. Hilo halikubaliki.

Na bei! Nani hapa anauza kitu bila kuandika bei? 50/=. Ule mstari wa mshazari na ile alama ya sawasawa vinaandikwa na fundi kama kitu kimoja, vimeshikana. Kwenye fonti za nje vinakaa mbalimbali. Viingie.

Juu ya matatu nitasema kwa ufupi. Tangu kanuni za mwaka 2004, zile tunazoziita za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, gari lina mstari wake wa manjano, lina njia yake. Abiria anasoma KAKAMEGA gari likiwa linakuja, amebeba mtoto na mzigo. Unene unamsaidia, lakini unene una mpaka. G ikinenepa sana ule ulimi wake wa ndani unamezwa, inabaki C. Tundu la A linafungika. S ina mikono mitatu iliyopandiana kwa kimo kilekile ambacho I ina mmoja, kwa hiyo lazima mikono yake ipunguzwe, la sivyo KISUMU itakuwa na uvimbe katikati. Simama mbali, finya macho, usome. Na herufi hii iwe ya maneno machache. Tangazo la kliniki lenye maelezo ya dawa lisiandikwe nayo, wala barua ya shule kwa wazazi.

Sasa umiliki. Huku kwetu watu waliwahi kuona umuhimu wa kushika uchapaji mikononi mwao. Kampuni ya LUTATCO (Luo Thrift and Trading Corporation), iliyoanzishwa na Jaramogi Oginga Odinga na wenzake mwaka 1947, ilikuwa na kiwanda chake cha uchapaji, Ramogi Press, kilichochapa magazeti kwa lugha za wenyeji. Walijua kwamba mwenye mashine ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya kile kinachosomwa. Leo mashine ni faili ya fonti. Nani mwenye faili?

Pendekezo langu liko wazi. Fonti itoke kwa leseni huria ya shirika la lugha la SIL, ile iliyopata toleo lake la 1.1 mwaka 2007. Mtu yeyote wa Siaya, Busia, Kisii au Nakuru ataitumia kwenye bango na kwenye gari bila kulipa, na atakayetaka kuongeza herufi ataongeza. Lakini leseni hiyo hairuhusu fonti kuuzwa peke yake, maana yake hakuna pesa itakayokuja baadaye kwa mauzo. Kwa hiyo fundi alipwe mwanzo, kabla herufi hazijaingia kwenye kompyuta, kwa bei mliyokubaliana mbele ya shahidi. Anayeona ni afadhali iuzwe na fundi apate fungu lake kila inaponunuliwa, aje na mahesabu, nitamsikiliza. Nisichokubali ni mtu kupita mitaani na simu, kupiga picha ukuta wa mtu, kwenda kuugeuza fonti na kuweka jina lake peke yake. Kila faili ya fonti ina mahali maalumu pa kuandika jina la mbunifu. Jina la fundi liandikwe hapo, kamili, kama anavyotaka liandikwe.

Basi tugawane kazi. Waliotoka Kondele na Manyatta waanze na mitaa yao, wa Nyalenda wao, wa Dunga wachukue mashua. Mwombe mwenye ukuta ruhusa, na umtafute fundi aliyeandika kabla ya kupiga picha. Piga ukiwa umesimama mbele sawasawa, si kwa pembeni, na uweke rula au kipande cha mbao cha kipimo kinachojulikana kando ya neno. Andika jina la mtaa na mwaka ulioandikwa kama mwenye duka anaukumbuka.

Mafundi, karatasi ziko meza ya kulia, rangi nyeusi na brashi zipo, na malipo ya leo yako kwa mama mhasibu, msaini kabla ya kuanza. Tunahitaji herufi kubwa zote, ndogo zote, tarakimu 0 hadi 9, ng' kubwa na ndogo, ĩ na ũ, na 50/=. Herufi a tunaiandika mara nyingi kuliko zote, kwa hiyo meza ya kwanza ianze nayo. Vijana, nyinyi mkae kando ya meza mtazame mkono, msiguse kompyuta mpaka saa kumi.